UKURASA WA MWALIMU: Mtu aliyejipaka rangi mpaka akapotea ukutani

Tunatumaini mvua za mwezi uliopita zimewaacha salama. Sisi walimu wenu wa kujitolea tupo, tunasonga mbele, ingawa darasa la tatu bado linasomea chini ya mti kwa sababu turubai la juu lilipasuka.

Kwanza tutoe jibu la chemsha bongo ya mwezi uliopita. Tuliuliza: "Kila niendako ananifuata." Jibu ni kivuli. Tulipata majibu kumi na saba. Wengi mlijibu sawa, wawili walisema mbwa, na baba mmoja wa bloki ya pili akaandika "deni". Papa, jibu lako limetuchekesha siku nzima, tena lina ukweli ndani yake, lakini silo.

Kwa kuwa tulianza na kivuli, mwezi huu tunaendelea na mambo ya macho. Tunataka kuwapa habari za msanii mmoja wa mbali anayefanya macho ya watu yadanganyike. Halafu tutawaambia jambo lililotupata sisi wenyewe darasani tulipojaribu kumwiga. Jambo hilo limetufundisha walimu kuliko wanafunzi, kwa hiyo tunaomba mwendelee kusoma hadi mwisho.

MNAONA WATU WANGAPI?

Habari yenyewe ilianza hivi. Mwenzetu anayefundisha darasa la sita alituonyesha picha kwenye simu yake. Ilikuwa picha ya mahali palipobomolewa, matofali yamelala ovyo na ukuta umebaki nusu. Akatuuliza, "Mnaona watu wangapi hapo?" Tukaangalia, tukasema hakuna mtu. Akacheka, akasema angalieni tena. Tukaizungusha ile simu, tukaileta karibu na pua. Basi polepole tukaona viatu, halafu mabega, halafu uso. Kumbe kuna mtu mzima amesimama katikati ya picha, anatutazama! Nguo zake, mikono yake, uso wake na nywele zake zimepakwa rangi sawasawa na vitu vilivyo nyuma yake.

Koko mmoja aliyekuwa anapita akaangalia naye, akasema huo ni uchawi. Hapana, koko, si uchawi. Ni kazi ya brashi, rangi na uvumilivu, na hapa chini tutaeleza inavyofanyika.

Mtu huyo anaitwa Liu Bolin. Ni Mchina, alizaliwa mwaka 1973 katika jimbo la Shandong, upande wa mashariki wa nchi ile. Alisoma chuo cha sanaa kwao, baadaye akaenda kusoma katika chuo kikubwa cha sanaa cha mji mkuu, Beijing, akamaliza mwaka 2001. Alichosomea ni kuchonga sanamu. Mambo ya kujipaka rangi na kupigwa picha hayakuwa kazi yake kabisa.

SIKU ALIPOBOMOLEWA

Katika mji wa Beijing kulikuwa na kijiji kimoja kinachoitwa Suojia. Wasanii zaidi ya mia moja walikuwa wanaishi na kufanya kazi hapo: wachoraji, wachongaji na wengine. Beijing wakati ule ilikuwa inabadilika haraka, mitaa ya zamani inaondolewa, majengo marefu yanapanda, na mji unajiandaa kwa michezo ya Olimpiki ya mwaka 2008. Mwezi wa Novemba 2005 wakuu wakatuma mashine, kijiji kile kikabomolewa. Liu Bolin naye alikuwa na mahali pake pa kazi hapo, na pakaenda na vingine.

Hapa tusome polepole kidogo, kwa sababu wengi wetu tunakijua kitu hicho. Hatusemi kwamba kubomolewa mahali pa kazi ni sawa na kukimbia vita. Yeye hakuvuka mpaka usiku na mtoto mgongoni. Lakini kurudi mahali ulipokuwa na maisha yako na kukuta vumbi, hilo tunalielewa. Juzi tu, mwenzetu mmoja alituambia kwamba anachokumbuka zaidi cha nyumbani ni ile rangi ya mlango. Nyumba yenyewe ameanza kuisahau, ila mlango anauona.

Sasa, mchongaji asiye na mahali pa kuchongea afanye nini? Sanamu zinataka nafasi, udongo, vyuma, na mlango wa kufunga usiku. Vyote hivyo vimekwenda. Liu Bolin akaangalia akaona kimebaki kitu kimoja ambacho mashine haikuchukua, nacho ni mwili wake. Akaenda kusimama mbele ya yale mabomoko, akapakwa rangi ya mabomoko, akapigwa picha. Hakupiga kelele, hakurusha jiwe. Alisimama tu. Ni kama alikuwa anasema: mmebomoa, na mimi pia hamkuniona, basi angalieni vizuri, nipo.

Picha hiyo ilizaa nyingine, na nyingine, hadi zikawa mfululizo mkubwa wenye jina ambalo kwa lugha yetu tungesema "Kujificha Mjini". Miaka imepita, ameifanya kazi hiyo katika nchi nyingi, na watu wamempa jina la "mtu asiyeonekana". Angalieni maajabu hayo: mtu amejulikana dunia nzima kwa kutoonekana!

JINSI INAVYOFANYIKA

Wengi wanadhani ni mambo ya kompyuta. Siyo. Rangi inapakwa kwa mkono kwenye mtu mwenyewe.

Kwanza anachagua mahali. Anaweza kuchagua ukuta, ngazi, rafu za duka, hata Ukuta Mkuu wa China. Kamera inawekwa mahali pamoja na haisogei tena. Yeye anasimama mbele ya ukuta, naye hasogei. Kisha wasaidizi wake wanaanza kumpaka rangi, sehemu kwa sehemu. Mwenye kamera anachungulia na kuwaelekeza: mstari ule upandishe kidogo, rangi ile iko giza mno. Kazi inachukua saa nyingi, wakati mwingine inafika saa kumi. Na muda wote huo yeye amesimama. Hakuna kuketi wala kujikuna. Uso nao unapakwa, hivyo hata kucheka hawezi.

Sisi tulijaribu kusimama bila kusogea kwa dakika tano tu ofisini kwa walimu. Mmoja alishindwa dakika ya pili, sababu ya inzi.

KWA NINI JICHO LINADANGANYIKA?

Hapa wazazi mnaweza kuwasaidia watoto kujifunza kitu cha sayansi bila kununua chochote.

Jicho linatambua kitu kwa kutafuta ukingo wake, yaani pale rangi moja inapoishia na nyingine kuanza. Mbuzi mweupe kwenye majani mabichi unamwona mara moja kwa sababu ukingo wake uko wazi. Liu Bolin anachofanya ni kuua ukingo. Kama nyuma yake kuna mstari mweusi unaopita ukutani, mstari huo unachorwa upite pia kwenye kifua chake na mikono yake. Akili yetu ikiona mstari unaendelea, inasema huo ni ukuta mmoja tu, inapita.

Sababu ya pili ni kamera. Sisi tuna macho mawili, na kila jicho linaona kutoka mahali tofauti kidogo. Akili inaunganisha picha hizo mbili ndipo tunajua kipi kiko karibu na kipi kiko mbali. Kamera ina jicho moja. Jaribuni hivi: shika kalamu mbili, moja mkono wa kulia na nyingine wa kushoto, nyoosha mikono, funga jicho moja, halafu gusanisha ncha za kalamu. Utakosa mara kadhaa. Fungua macho yote mawili, utaona ni rahisi.

Ndiyo maana ukisogea hatua mbili pembeni mwa kamera, udanganyifu wote unavunjika. Mistari haikutani tena, na mtu anaonekana wazi, amepakwa rangi kama kichekesho. Picha ile ni ya kweli kwa mtu aliyesimama mahali pamoja tu.

Sababu ya tatu ni kutulia. Wawindaji wetu wanajua. Kwale akilala kwenye majani makavu unaweza kumkanyaga hujamwona, ila akisogeza shingo tu umeshamjua. Mwendo unaharibu maficho yote. Na kinyonga je? Wengi tunafundishana kwamba anabadilika rangi ili afanane na mahali alipo. Wataalamu wanasema zaidi anabadilika ili kuwapa wenzake habari, kwa mfano kutishia dume mwenzake, na pia kwa ajili ya joto la mwili. Kwa hiyo kumbe kinyonga mara nyingi anataka aonekane!

HAJIFICHI PEKE YAKE

Tungependa mjue picha zake nyingine mbili tatu, kwa sababu msanii huyu hachezi tu.

Mwaka 2006 alipiga picha ya wafanyakazi sita. Nchini China, kuanzia miaka ya mwisho ya 1990, mamilioni ya watu waliokuwa wanafanya kazi katika viwanda vya serikali walipoteza kazi. Wengine walikuwa hapo tangu ujana wao. Liu Bolin aliwasimamisha sita kati yao mbele ya ukuta wa mahali walipofanyia kazi, wakapakwa rangi ya ukuta huo huo. Ukiangalia haraka unaona ukuta. Ukiangalia vizuri unaona watu sita walioutumikia maisha yao yote.

Nyingine ni ya duka kubwa, rafu zimejaa chupa na makopo ya vinywaji toka chini hadi juu, na yeye yumo katikati, kila chupa imechorwa kwenye mwili wake. Hapo alikuwa anauliza juu ya vitu tunavyokula na kunywa bila kujua vimewekwa nini ndani.

Na mwaka 2015 alikwenda Catania, mji wa bandari katika kisiwa cha Sicilia nchini Italia. Huko alifanya picha pamoja na wahamiaji waliokuwa wamevuka bahari ya Mediterania. Watu hao ni wengi katika magazeti, kila siku wanatajwa kwa hesabu, mashua moja watu wangapi, wiki hii wangapi. Lakini nani anajua uso wa mmoja wao? Sisi tunaojulikana kwa namba ya kadi tunalielewa swali hilo bila kuelezwa sana. Siku ya mgao ukifika dirishani, namba yako ndiyo inaitwa.

TULIVYOFANYA DARASA LA NNE

Sasa tufike kwetu. Tulipoziona hizo picha tulisema hebu na sisi tujaribu. Rangi hatuna, lakini udongo upo, mkaa upo, majivu yapo. Ukuta wa darasa la nne ni mzuri kwa mchezo huo: chini una udongo mwekundu ulioruka na mvua, katikati una mstari mweusi, juu una chokaa iliyochakaa.

Tukagawa wanafunzi katika makundi ya watano watano. Mmoja anavaa gunia kuukuu na kusimama mbele ya ukuta. Watatu wanapaka. Wa tano ni "kamera": anasimama kwenye jiwe, hatua kumi kutoka ukutani, amefunga jicho moja, anawaelekeza wenzake. Tukasema kundi litakalompoteza mtu wake vizuri zaidi litapigwa picha kwa ile simu.

Ilikuwa furaha kubwa. Kelele zilifika hadi kwenye bomba la maji, na wamama waliokuwa kwenye foleni wakaja kuangalia.

Katika kundi moja alikuwepo mtoto ambaye hatutamtaja jina. Mama yake ametukubalia kuandika habari hii, na tumemsomea kabla ya kuchapishwa. Mtoto huyo anakaa nyuma kabisa. Kwa mihula miwili alikuwa haongei, ukimuuliza swali anaangalia chini. Sisi katika daftari letu tulikuwa tumeandika mbele ya jina lake: "Mvivu. Hashiriki." Tunaliandika hapa ili mjue, kwa sababu hatutaki kuficha kosa letu.

Wenzake walimchagua asimame kwa kuwa halalamiki. Wakampaka. Alisimama vizuri kuliko wote. Inzi alitua kwenye shavu lake, hakumfukuza. Kundi lake likashangilia kwamba wameshinda. Kisha ringi ya gari ikagongwa, ikawa mapumziko, wote wakakimbia.

Yeye akabaki ukutani.

Tulidhani anaendelea na mchezo. Tukakusanya magunia, tukaosha mikono, tukarudi. Bado yuko pale pale. Tukamwita jina lake, kimya. Tukamkaribia tukaona anapumua kidogo kidogo, macho yako wazi, lakini kama hatuoni. Mmoja wetu akamwekea mkono begani polepole. Akashtuka, akatutazama, akauliza kwa sauti ndogo:

"Wameshapita?"

Tulikosa neno. Tukaketi naye chini kwenye ule udongo. Tukamwambia hapa ni shuleni, hawa ni walimu wako, hakuna anayepita. Tukamletea maji. Ilichukua muda mrefu ndipo akakubali kuvua gunia.

ALICHOTUAMBIA MAMA

Mchana tulimsindikiza nyumbani. Mama yake alikuwa anapepeta maharage. Alitukaribisha, akatupa kigoda, akauliza, "Amefanya nini, mwalimu?" Alidhani tumekuja kushitaki. Tukamweleza. Akaacha ungo, akanyamaza kidogo, halafu akaongea.

Alisema siku walipokimbia, mtoto alikuwa na miaka mitano. Watu wenye silaha waliingia kijijini jioni. Yeye alimficha mtoto ghalani nyuma ya magunia ya mihogo, akamwambia: usisogee, usitoe sauti, mpaka nije mimi. Kisha akakimbia na mdogo wake upande mwingine. Alifikiri atarudi baada ya saa moja. Aliweza kurudi asubuhi.

"Nilimkuta vile vile nilivyomwacha," alisema. "Hakusogea. Tangu siku hiyo anajua kukaa kimya. Ni mimi niliyemfundisha, mwalimu. Na hiyo ndiyo iliyomponya."

Tukamwambia, mama, ulifanya vizuri. Hakuna mzazi angefanya zaidi ya hapo. Akafuta macho na kitenge, akasema jambo ambalo tumelifikiria kila siku tangu wakati ule. Alisema: "Lakini sikumbuki kama nilimwambia kwamba sasa imekwisha. Tulikuwa tunakimbia, halafu tukafika hapa, ikawa foleni, ikawa tenti, ikawa ugonjwa. Hilo neno sikulisema."

Jioni ile alimwambia. Sisi hatukuwepo, ni yeye aliyetusimulia baadaye. Alimketisha jikoni, akamwambia yale ya ghalani yamekwisha, mimi nimekuja, sasa unaweza kusogea. Mtoto hakujibu kitu. Alikula, akalala.

BAADAYE IKAWAJE?

Msitegemee tuseme kwamba kesho yake alikuwa mtoto mwingine. Hapana. Bado anaongea kidogo. Sisi si madaktari, na mambo ya namna hii yana watu waliosomea. Mama yake sasa anampeleka kwa mshauri kwenye kituo cha afya mara moja kwa wiki. Mzazi yeyote mwenye mtoto kama huyo asione haya kwenda, hakuna malipo.

Ila kuna kitu kimebadilika. Wiki iliyofuata watoto walidai mchezo urudiwe. Tuliogopa. Tulimuuliza yeye kwanza, peke yake, tukamwambia unaweza kukataa. Akasema hataki kusimama ukutani, anataka kuwa kamera. Basi akapanda kwenye jiwe, akafunga jicho moja, akaangalia. Jamani, mtoto yule anaona! Ukingo mdogo wa gunia uliokosa majivu, wengine wote hawakuuona, yeye aliuona. Akasema kwa sauti ambayo tulikuwa hatujaisikia: "Mstari umepotea pale kwenye mkono. Kushoto. Shusha kidogo." Wenzake wakashusha. Kundi lake likashinda tena, na safari hii alikuwa wa kwanza kukimbilia mapumziko.

Tukaelewa kitu. Aliyejificha muda mrefu anajua vizuri jinsi kitu kinavyoonekana. Ule ujuzi uliomponya ghalani haukwenda bure na haukuwa ugonjwa mtupu. Ulikuwa unangoja kazi nyingine. Ni kama yule mchongaji wa Beijing: walipomwondolea mahali pa kuchongea, uvumilivu na jicho lake vilibaki, akavipa kazi mpya. Hakurudi kuwa mtu wa zamani, wala hakuwa mtu mwingine kabisa.

Na kuna jambo lingine la Liu Bolin ambalo picha haionyeshi. Picha ikishapigwa, kazi imekwisha. Anasogea kutoka ukutani, rangi inaoshwa, anakwenda zake. Sisi tulikuwa tumeusahau mwisho huo. Tulimfundisha mtoto jinsi ya kuingia ukutani, hatukumfundisha jinsi ya kutoka. Sasa katika mchezo wetu tumeweka sheria: picha ikipigwa, wote wanaita jina la aliyesimama kwa sauti kubwa, naye anaruka mbele. Hapo ndipo mchezo unaisha, na hakuna mapumziko kabla ya kuita jina.

TUNAWAOMBA WAZAZI

Kwanza, mtoto wako akiwa kimya mno, au akijificha kila gari linapopita, usikimbilie kusema ni mvivu au ana kiburi. Sisi tuliandika hivyo tukakosea. Lile neno tumelifuta kwenye daftari, na mama yake tumemwomba msamaha. Sogea hatua mbili pembeni, uangalie kutoka mahali pengine. Inawezekana ulichodhani ni ukuta ni mtoto amesimama.

Pili, kama uliwahi kumpa mtoto amri siku ile mbaya, nyamaza, usilie, usiseme jina la baba yako, usiseme tunatoka wapi, jiulize kama uliwahi kumfungua. Watoto wanatii kuliko tunavyofikiri. Mwambie wazi kwamba amri ile imekwisha.

Tatu, kwa wale watakaotaka kucheza mchezo huu nyumbani: pakeni gunia au nguo kuukuu, msipake ngozi. Chokaa hasa inaunguza, na majivu yakiingia machoni ni shida. Na msimlazimishe mtoto kusimama. Muulizeni kwanza.

CHEMSHA BONGO YA MWEZI HUU

Mwaka 1892 gazeti moja la vichekesho la Ujerumani lilichapa mchoro wa kichwa cha mnyama. Ukiutazama upande huu unaona bata, mdomo wake mrefu umefunguka. Ukiutazama upande ule, ule mdomo unakuwa masikio mawili, na unamwona sungura. Wino ni ule ule, hakuna mstari uliosogea. Mwalimu wa darasa la sita ameuchora mchoro huo kwenye ubao wa matangazo karibu na bomba la maji. Nendeni mkaangalie, kisha mtuandikie: ulimwona nani kwanza, bata au sungura? Na je, unaweza kuwaona wote wawili kwa mara moja? Majibu yaletwe kwenye ofisi ya walimu kabla ya tarehe 20. Watano wa kwanza watapata kalamu.

Na yule papa wa "deni", tunakungoja wewe hasa.

Mbaki salama hadi mwezi ujao. Ni sisi walimu wenu wa kujitolea.